Fundi Aliyechonga Vichwa vya Maliwali

Wapendwa, leo nawaomba twende mbali kidogo kabla hatujarudi hapa tulipoketi. Twende zamani zile, Warumi walipokuwa wakitawala nchi zote zinazoizunguka bahari yao, hadi kaskazini mwa Afrika yetu hii. Ninalowasimulia ni mfano, kwa hiyo msiende kuutafuta kwenye vitabu vya historia, hamtaukuta. Lakini desturi ya Warumi ya kuchonga uso mpya kutoka katika uso wa zamani ilikuwapo, na ndiyo inayoubeba mfano huu.

Katika mji mmoja wa utawala ule aliishi fundi wa kuchonga mawe. Watu wote walimwita Fundi, hata mkewe alimwita Fundi, na jina alilopewa na mama yake lilikuwa limesahaulika. Kazi yake ilikuwa kuchonga vichwa vya wakubwa.

Niwaeleze ilivyokuwa. Uwanjani, mbele ya jengo la baraza la mji, palisimama sanamu kubwa ya mtu aliyevaa joho, ameunyoosha mkono mmoja mbele kama anayehutubia. Mwili ule ulichongwa miaka mingi nyuma, nao haukuwa mwili wa mtu yeyote. Ulikuwa mwili wa cheo. Shingoni waliacha shimo. Kichwa kilichongwa peke yake, kikaachiwa shina refu kwa chini, na shina lile likaingia katika shimo kama kizibo kwenye mdomo wa mtungi. Liwali mpya akitumwa kutoka Rumi, kichwa cha aliyeondoka kilishushwa kwa kamba na cha aliyekuja kikapandishwa. Mikunjo ya joho ilibaki ileile, na vidole vilevile. Hata ufa mdogo kwenye kiatu cha kushoto ulibaki hapohapo, liwali baada ya liwali.

Sasa, marumaru ya mji ule ilitoka mbali, kwa meli, na ilikuwa adimu. Kwa hiyo kichwa kilichoshushwa hakikutupwa. Fundi alikipeleka kwenye karakana yake, akaiondoa pua ya liwali aliyekwenda, akaitafuta humo ndani pua ya liwali aliyekuja. Akayapunguza mashavu. Akazikata nywele upya. Na jiwe, mnajua wenyewe, haliongezwi. Kila liwali mpya alipata kichwa kidogo kuliko cha mwenzake aliyemtangulia. Alipofika wa tatu, kichwa kilikuwa kimekaa juu ya yale mabega mapana kama ndimu juu ya gunia. Wanawake waliokuja kuchota maji pale uwanjani walikuwa wakimtazama kwa pembe ya jicho. Mmoja alisema huyu wa sasa amenywea, kama sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto. Mwenzake akamwambia apunguze sauti, kwa kuwa kichwa ni kidogo lakini masikio bado yanafanya kazi.

Liwali wa nne akakataa. Alisema hatavaa kichwa kilichokwisha kuvaliwa na wengine. Akaagiza marumaru mpya, bonge zima lisilo na ufa, jeupe kama maziwa, na akamwita Fundi aje kumpima. Tena akatoa siku: kichwa kiwe juu ya mabega kabla ya sikukuu, kwa sababu wajumbe wa Kaisari watakuwapo.

Fundi alikuwa hajawahi kupewa jiwe kama lile. Asubuhi kumi na mbili mfululizo aliketi mbele ya liwali na bikari yake ya shaba, akipima kutoka jicho hadi jicho, kutoka pua hadi mdomo, kutoka kidevu hadi sikio. Aligundua mambo ambayo pengine liwali mwenyewe hakuyajua. Jicho la kushoto lilikuwa chini ya la kulia kwa upana wa punje ya shayiri. Mdomo ulipinda kidogo alipokuwa akisikiliza asichokipenda. Fundi aliyachukua yote hayo, akarudi nayo karakanani, akaanza kazi.

Huyu Fundi alikuwa na mke. Mungu hakuwajalia watoto, na nyumba yao ilikuwa ya watu wawili, ng'ambo ya barabara kutoka karakanani. Kwa miaka ishirini na saba, kila mchana, mkewe alivuka barabara ile na bakuli la chakula. Aliliweka juu ya gogo, akageuza kikapu, akakikalia, akamsimulia mumewe habari za mji: nani kagombana na nani, binti wa nani amechumbiwa, mwuza mafuta amefumwa akichanganya nini. Alikuwa mcheshi. Fundi alicheka mara nyingi, na akaitikia "ee" na "kweli kabisa", lakini hakugeuka. Mtu anayegeuka akiwa ameshika tindo huvunja pua. Ndivyo alivyofundishwa tangu ujana wake, na ilikuwa kweli.

Siku zile za marumaru mpya, mkewe akashikwa na homa na kikohozi. Mwanzoni aliendelea kuvuka barabara na bakuli. Kisha akawa anamtuma jirani. Kisha akalala. Dada yake mkubwa, mjane aliyekuwa na tanuri la mikate mtaa wa chini, akafunga kazi yake akaja kumwuguza.

Siku hizo Fundi alilala karakanani, akawa anafika nyumbani mara mbili kwa siku. Alisimama mlangoni. Hakuingia ndani, kwa sababu mwili wake wote ulikuwa na vumbi la marumaru, na alihofia vumbi lile litamzidishia mgonjwa kikohozi. Aliliamini jambo hilo kabisa, wala si uongo. Shemeji yake alimwambia maji yamo kwenye mtungi, mlango wa pili, na kitambaa cha kujifutia kipo. Fundi akasema ndiyo, kesho atakuja mapema, ataoga kwanza.

Mkewe akamwita kutoka kitandani.

"Fundi, pua ya liwali imefika wapi?"

"Imebaki ncha tu."

"Na ncha ya pua ya mtu mkubwa vile huchukua siku ngapi?"

"Nne. Labda tano."

"Basi nitajitahidi niwepo," akasema mkewe, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Kikohozi kilipotulia akamwambia neno jingine. Hakuomba dawa, wala hakuomba aletewe mganga wa liwali, ingawa wengine walimshauri Fundi akaombe hivyo. Alimwambia: "Mgongo wako naujua. Nimeutazama miaka yote hii. Njoo siku moja ukae upande wa mbele, nikuone na wewe unione."

Fundi aliguswa. Nisiwadanganye wapendwa, aliguswa. Alirudi karakanani akiwa ameazimia kumaliza haraka ili akakae na mkewe siku nzima, hata mbili. Akaimaliza pua. Pua ilipokwisha, mdomo ukamdai. Mdomo ulipokwisha yakabaki masikio, na masikio ni kazi ya taratibu, kwa sababu ukingo wake ni mwembamba na ukikosea hakuna pa kurudi. Kila asubuhi alifika mlangoni akatoa taarifa. Leo mdomo. Leo sikio la kulia. Na mkewe, kwa sauti iliyokuwa ikipungua, alimpa hongera.

Asubuhi moja Fundi alikuwa akisugua sikio la kushoto kwa mchanga laini na maji. Akasikia mtu ameingia nyuma yake. Alizifahamu hatua za shemeji yake, akadhani ametumwa na mkewe aulize kazi imefika wapi. Akasema bila kugeuka, "Mwambie ninakaribia kumaliza."

Shemeji yake akasema, "Usiharakishe tena."

Wakamzika siku ileile, nje ya lango la mji, kando ya barabara, kama ilivyokuwa desturi. Sikukuu ikafika. Kichwa cha liwali kikapandishwa kwa ngoma na tarumbeta, wajumbe wa Kaisari wakakitazama wakakisifu, na watu waliokuwa wamezoea vichwa vidogo wakashangaa kuona mabega yale yamepata mwenyewe. Fundi alisimama chini pamoja na wengine. Mtu mmoja akampa mkono wa hongera. Mwingine akampa mkono wa pole. Alipokea yote mawili kwa mkono uleule.

Haikupita miezi mitatu. Barua ikaja kutoka Rumi. Liwali yule amemkosea Kaisari, kosa gani haikuelezwa, na kwa amri jina lake lifutwe kwenye kila jiwe na uso wake usionekane tena popote. Watu waliokuwa wamempigia tarumbeta ndio waliozishika kamba. Kichwa kikashushwa, kikaletwa karakanani kwa mkokoteni. Tarishi wa baraza akamwambia Fundi kwamba liwali mwingine atachelewa, na akija ataletewa jiwe lake. Hili la sasa alifanye anavyotaka, mradi uso ule uondoke.

Fundi akaketi mbele ya jiwe lile muda mrefu. Likamjia wazo. Wenye uwezo katika mji ule walikuwa wakiweka sura ya marehemu juu ya kaburi. Mkewe alikuwa amelala pale kando ya barabara chini ya kokoto tu. Na hapa palikuwa na marumaru ambayo mke wa tajiri yeyote hakuwahi kuwekewa. Akasema moyoni, sasa jiwe hili litapata kazi inayolistahili. Nitamchonga.

Akashika tindo. Alianza na nywele, akazifanya ushungi, kwa sababu ushungi ni rahisi na unafunika mengi. Akapunguza kidevu. Akapunguza shingo. Kazi ikaenda vizuri hadi alipofika machoni. Hapo akasimama.

Macho yake yalikuwaje?

Alijua yalikuwa mawili. Baada ya hapo hakujua. Alifumba ya kwake ajaribu kumwona, akakiona kikapu kilichogeuzwa. Akaiona mikono yake ikiweka bakuli juu ya gogo. Akauona upindo wa nguo yake na vumbi la barabara juu ya vidole vyake vya miguu. Akaisikia sauti, kila neno, hata habari za mwuza mafuta. Lakini kuanzia shingoni kwenda juu hapakuwa na kitu.

Fikirini wapendwa. Ungemwamsha mtu huyu usingizini ukamwuliza jicho la liwali la kushoto likoje, angekujibu kabla hujamaliza swali. Na liwali huyo alikaa mjini mwaka mmoja na nusu.

Akaenda kwa shemeji yake, akamkuta kwenye tanuri, akamwuliza mdogo wake alikuwa na sura gani. Yule mama alidhani anamtania, akaendelea kutoa mikate. Kisha akamtazama, akaona hatanii.

"Miaka ishirini na saba, shemeji. Unakuja kuniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Sina mwingine."

Akajifuta unga mikononi, akamweleza. Paji lilikuwa pana. Nyusi ya kulia ilipanda alipotaka kufanya mzaha, ungejua kabla hajafungua mdomo. Meno ya mbele yalikuwa na mwanya. Kando ya mdomo palikuwa na kovu dogo, alianguka kwenye ngazi akiwa na miaka sita. Fundi alisikiliza kama mtu anayeelezwa habari za mgeni. Kovu hakuwahi kuliona. Akashukuru, akarudi, akafanya kazi siku tisa.

Siku ya kumi akamwita shemeji yake. Jiwe lilikuwa limefunikwa kwa shuka. Akalifunua, akasogea pembeni, akangoja amwone akilia.

Yule mama hakulia. Alilizunguka jiwe taratibu, akarudi mbele, akasimama.

"Shemeji, huyu ni nani?"

"Ni mdogo wako."

"Ushungi ni wa mdogo wangu. Kovu nilikupa mimi, naliona, liko mahali pake. Mwanya nao upo. Lakini aliyevaa vitu hivi ni liwali."

Fundi akatazama. Kwa mara ya kwanza katika siku tisa akatazama kama mtu anayeingia kutoka nje, na akakiona alichokuwa amekichonga. Jicho la kushoto lilikuwa chini ya la kulia kwa upana wa punje ya shayiri. Mdomo ulipinda kidogo, kama wa mtu anayesikiliza asichokipenda. Hakukusudia. Pale akili yake ilipokosa cha kuiambia mikono, mikono ilikwenda ilikozoea kwenda. Uso ambao Kaisari mwenyewe aliamuru usionekane tena duniani, yeye alikuwa ameuhifadhi ndani ya ushungi, na alikuwa tayari kuuweka juu ya kaburi la mke wake.

Akamwomba shemeji yake aketi amweleze upya, pole pole, kitu kimoja kimoja, yeye atarekebisha. Jiwe bado linatosha, alisema, linaweza kupunguzwa tena.

Yule mama alikuwa tayari mlangoni.

"Kueleza naweza kukueleza hadi jua lizame," akasema. "Kumtazama siwezi kukutazamia."

Akaenda kwenye mikate yake.

Mfano unaishia hapo. Na sasa turudi kwetu.

Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mkewe, hakulewa, hakuwa na nyumba ndogo. Akiwa kanisani kwetu angekuwa mzee wa kanisa, nasi tungemtolea mfano wa bidii ya kazi. Kosa lake lilikuwa la mtu mwenye kazi muhimu. Alimpa mtu mkubwa uso, akampa mtu wake mgongo, na alikuwa na sababu nzuri kila siku.

Sisi je? Sisi hatuchongi mawe, lakini nyuso za wakubwa tunazo. Ziko kwenye kalenda ukutani, kwenye fulana tunazolimia, kwenye kanga tunazojifunga, na sasa ziko mkononi, kwenye simu, asubuhi kabla hatujaamkiana. Tunajua mheshimiwa fulani anavyocheka. Tunajua yule mwingine akikasirika anashika miwani. Tunajua waziri gani haelewani na waziri gani, na tunabishana hadi chakula kinapoa, na aliyekipika ameketi pale pale. Akiondolewa huyo tunayembishania, kesho yake msumari ni uleule, picha ni nyingine. Gari ni lilelile, kiti ni kilekile, king'ora ni kilekile. Sisemi tusiwaheshimu walio madarakani. Mungu ndiye anayewaruhusu kukaa pale, na sisi tunawaombea kila Jumapili. Ninauliza tu, tunapowatazama wao, nani anautazama mgongo wetu?

Mama yako, ni jicho gani lililoanza kuwa na ukungu, la kulia au la kushoto? Mke wako akicheka, hufunika mdomo? Baba yenu ana mvi upande gani zaidi, na zilianza lini? Msinijibu. Najua wengine mmeanza kutafuta jibu, na najua inavyokuwa mtu akitafuta asilipate.

Tena sisi tukishachelewa, hufanya kama Fundi. Tunakimbilia jiwe. Tunafanya mazishi makubwa, tunashona sare, tunataka picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza. Mnalijua jambo hili, limetokea katika usharika zaidi ya mmoja. Mama amefariki, picha ikatafutwa nyumba nzima. Ikapatikana moja, ya siku mgeni rasmi alipokuja kuzindua kisima. Mheshimiwa yuko katikati, ameshika mkasi. Mama yuko nyuma yake, na nusu ya uso wake imefunikwa na bega la mheshimiwa. Picha ikapelekwa mjini kwa fundi wa picha, akaulizwa kama anaweza kuliondoa lile bega. Kijana wa watu akaitazama kwa muda, akasema bega anaweza kuliondoa. Uso uliokuwa nyuma yake ndio hana pa kuutoa.

Wapendwa, Mungu hakutuumba mwili mmoja wenye shimo shingoni, tukawa tunabadilishana vichwa. Kila mtu alimpa uso wake, na hakuukabidhi kwa mji mzima. Aliukabidhi kwa watu wawili watatu wa nyumbani wautazame siku zote atakazokuwapo. Hiyo ni amana, na amana huulizwa.

Tusimame. Tutawaombea viongozi wetu kama kawaida. Halafu leo tutanyamaza kidogo, na kila mmoja, akiwa amefumba macho, ajaribu kuuona uso wa mtu mmoja wa nyumbani kwake ambaye bado yu hai. Atakayeuona, amshukuru Mungu. Atakayeshindwa, asibaki hapo nje kusalimiana baada ya ibada. Aende moja kwa moja nyumbani.